Watoto wa Safu Tupu

Jumatatu, 6 Machi 1995

Jenereta limewaka saa tatu. Fomu hadi mchana. Vidole vinauma na rundo bado lipo.

Kila mtoto aliyefika kambi ya wakimbizi wa Rwanda bila mzazi ana fomu yake. Jina, umri, alikotoka, alama mwilini. Safu ya mwisho: amechukuliwa na ndugu? Ndiyo au Hapana. Makarani wanauliza huko kambini, mimi naingiza kwenye kompyuta hapa Kayanga. Kisha programu inatoa orodha mbili: wanaosubiri ndugu, na waliokwisha kuchukuliwa. Niliiandika mwenyewe baada ya kozi ya kompyuta kule Mwanza. Naionea fahari, sifichi. Bwana Deusi, mkuu wetu, ananiita fundi. Wengine bado wananiita mwalimu, ingawa chaki niliiacha mwaka juzi.

Mvua. Nyumbani Bugene magugu yameshafika magotini kwenye kahawa.

Jumanne, 7 Machi

Amekuja mwanamke kutoka Nyakatuntu. Konsolata. Anafanya vibarua kwenye migomba ya watu. Aliingia nchi hii akiwa mdogo, dada yake akabaki Rwanda. Sasa anamtafuta mtoto wa huyo dada. Imakulata, miaka saba, kovu la moto mkono wa kushoto.

Jina lipo. Umri upo. Kovu lipo. Nikafurahi mapema mno. Yuko orodha ya pili. Nikamwambia ameshachukuliwa na ndugu zake.

Alinitazama.

"Ndugu gani, mwalimu? Tumebaki mimi na yeye."

Hakulia. Alikaa kwenye benchi hadi tulipofunga ofisi, akaondoka na mvua ileile.

Jumatano, 8 Machi

Mtoto akikabidhiwa kwa ndugu kuna karatasi, na ndugu anaweka dole gumba. Nimepekua faili zote. Karatasi ya Imakulata haipo.

Nilimwambia Bwana Deusi. Yeye anaiamini kompyuta. "Mashine haina sababu ya kusema uongo. Watu wanayo." Akauliza nani alikuwa akimlea. Eugenia, mlezi wa watoto, mkimbizi mwenyewe. Tukaita kambini kwa redio. Jibu: Eugenia hajaonekana kwenye kituo cha watoto tangu wiki iliyopita, wala yule mtoto.

Bwana Deusi anaandika barua kwa polisi. Mtoto ameibwa, ndivyo anavyoamini. Nami nimeanza kuamini. Naogopa.

Alhamisi, 9 Machi

Nimelinganisha orodha nzima ya pili na karatasi za makabidhiano. Wengine kumi na wanne hawana karatasi. Kumi na wanne! Wametoka sehemu mbalimbali za kambi, walezi tofauti. Mtu mmoja angewaibaje wote?

Sielewi. Nimekaa naangalia kioo cha kompyuta kama ng'ombe anayeangalia gari.

Jioni nilitoa fomu zao kwenye boksi. Zote kumi na tano, safu ya mwisho iko wazi. Hakuna Ndiyo, hakuna Hapana. Na aliyewafundisha makarani ni mimi. Nilisimama mbele yao nikasema: kama hujui, usibuni, acha wazi.

Ijumaa, 10 Machi

Nimemwomba Bwana Deusi asitume barua leo. Amenipa hadi kesho.

Nimebuni mtoto, nikamwita Jaribio. Nikaandika Hapana: orodha ya kwanza. Ndiyo: ya pili. Sawa. Nikaacha wazi: ya pili. Mara tatu, ya pili.

Amri yangu inasema: kama safu si sawa na Ndiyo, weka orodha ya kwanza, la sivyo, weka ya pili. Mahali pasipo na neno si Ndiyo. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Kwa nini mashine haijui?

Nikaiambia inionyeshe watoto wote ambao safu yao ni sawa na tupu. Haikuleta hata mmoja. Hata Jaribio, niliyemwacha tupu dakika moja iliyopita! Nilitoka nje. Nilitaka kuipiga.

Jumamosi, 11 Machi

Kitabu cha programu ni cha Kiingereza, kinene. Nimesoma ukurasa mmoja asubuhi nzima. Mpora mpora, polepole, mstari kwa mstari.

Kumbe tupu si sifuri. Si Hapana. Si neno lolote. Maana yake ni "haijulikani." Ukiuliza kama kisichojulikana ni sawa na Ndiyo, jibu ni sijui. Ukiuliza kama si sawa, sijui vilevile. Hata tupu na tupu, sijui. Na neno langu "kama" linapokea ndiyo peke yake. Kila sijui inaangukia kwenye "la sivyo." Humo nilikuwa nimewaweka waliochukuliwa.

Hakuna mwizi. Makarani walisema kweli: hatujui. Mimi nikaigeuza kuwa uongo, nikamsomea Konsolata.

Kuna namna ya pekee ya kuuliza kama safu ni tupu. Sasa programu inauliza hilo kwanza, na kuna orodha ya tatu: hatujui. Bwana Deusi alisikiliza akiwa amesimama, akachana barua. Hakuniita fundi.

Jumatatu, 13 Machi

Kambini kwa lori. Nimetembea kutoka hema hadi hema. Eugenia yuko kitandani, malaria, siku ya tisa. Kando yake mtoto wa kike anachuja uji. Kovu mkono wa kushoto.

Nilimshika ule mkono. Akaniamkia. Shikamoo.

Eugenia aliuliza kwa nini nalia. Sikumwambia kwamba tulikuwa tunataka kumpeleka polisi. Nimekuwa mwoga. Nitamwambia.

Jumanne, 14 Machi

Nyakatuntu. Konsolata alikuwa akipalilia shamba la watu. Nilianza kuomba radhi, nikachanganya mambo, nikataja safu na orodha. Akanikatiza.

"Yupo, au mashine inasema yupo?"

"Nimemshika mkono."

Akaweka jembe chini. Akakaa palepale kwenye udongo.

Alhamisi, 16 Machi

Konsolata na Imakulata wamelala kwangu, barabara imeharibika. Konsolata aliweka dole gumba jana. Mtoto hajasema naye sana. Alikula ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, akaosha sahani zote bila kuambiwa.

Asubuhi wameondoka kutafuta gari la kwenda kwao. Nilimpa mtoto viatu vya binti yangu. Alivivua mlangoni, akavibeba. Mama yake mdogo akamwambia avivae. Akasema vitachafuka. Basi Konsolata naye akavua vya kwake, wakashika njia peku, matope hadi kwenye vifundo.

Orodha ya tatu imebaki na majina kumi na manne. Kesho kuna lori la kwenda kambini.