Moja Saba Mfululizo

Jumapili, 7 Juni
Ibada, chai, kisha namba. Desturi ya Baba haijabadilika: kila Jumapili ananipa namba nikaivunje wiki nzima kwa mkono, bila kikokotoo. Leo ni 1,111,111. Anasema inagawanyika. Halafu akaniuliza Mama yuko wapi. Mama tulimzika mwaka juzi. Nimerudi kwangu Kimandolu sina raha.

Jumatatu, 8 Juni
Duka la dawa, Themi. Nauza huku nagawanya kwenye boksi tupu. Tatu, hapana. Saba, hapana. Kumi na moja, hapana. Kaka Elibariki kapiga simu tena. Anataka kumhamishia Baba Dodoma kabla hajapotelea barabarani. Tumekubaliana: akili ya namba ikiwa bado ipo, Baba abaki kwake Maji ya Chai na migomba yake. Ikiwa imeondoka, aende.

Jumatano, 10 Juni
Manyunyu. Mlima Meru hauonekani. Namba tasa nazitaja kwa wimbo aliotufundisha Baba tukipalilia naye, tukiwa wadogo. Kila moja naijaribu. Hakuna inayoingia. Nimemjibu mteja vibaya. Usingizi hakuna.

Alhamisi, 11 Juni
Nimevuka elfu moja hamsini na nne. Hapo ndipo kipeuo cha pili cha namba yenyewe; kupita hapo ni kazi bure. Haigawanyiki. Nimerudia zile nilizozitilia shaka. Haigawanyiki. Baba amekosea, yeye aliyekuwa akivunja namba huku anakamua ng'ombe. Nimelia stoo. Nimemwambia kaka. Anakuja Jumamosi na gari. Najichukia.

Ijumaa, 12 Juni
Nimepika, nikawapa majirani chakula chote.

Jumamosi, 13 Juni
Nimefika kwa Baba, nimekuta kaka ameshaanza kukunja mablanketi. Baba amekaa anamtazama kama mgeni. Nikasema lililonikaa moyoni.
"Shikamoo Baba. Ile namba haigawanyiki."
"Marahaba. Imba."
Nikaimba mbele ya kaka, mtu mzima mimi. Nikafika mia mbili thelathini na tatu, nikavuta pumzi, nikaendelea na mia mbili arobaini na moja. Baba akainua mkono.
"Hapo. Tangu mdogo ukivuta pumzi hapo unaruka moja. Nimekupa hiyo namba makusudi."
Mia mbili thelathini na tisa. Miaka yote nimeiruka. Kaka akatoa simu, akapiga hesabu. Mia mbili thelathini na tisa mara elfu nne mia sita arobaini na tisa. Imetimia, hakuna baki. Kaka akakaa kitandani na blanketi mapajani. Mimi nilicheka mpaka nikaona aibu.

Jumapili, 14 Juni
Kaka ameondoka peke yake. Begi langu liko chumba cha nyuma. Kazini nitakuwa natokea huku. Baada ya ibada Baba amenipa namba nyingine, ndefu kuliko ile. Ameniita kwa jina la Mama. Nimeitika, nikaenda kuipua ndizi.