Nani Amelegeza Sketi Zangu?

Kwenu nyote,

Nimekwenda hospitali wakanitazame kidonda cha upasuaji tumboni. Maharage yapo jikoni, yapasheni moto. Nguo zikikauka, anueni.

Sasa nina neno. Asubuhi nimejaribu sketi tatu, na zote zimenidondoka hadi magotini. Upasuaji umenikondesha, lakini si hivyo. Kuna mtu kazivaa nilipokuwa wodini mpaka zikalegea, na mwenye kiuno cha kazi hiyo humu ndani ni mmoja tu. Wifi, kumbe hukuja kuniuguza, ulikuja kufukua kabati langu! ~~Ukitoka kazini fungasha virago vyako.~~

Hebu ngojeni. Nimeigeuza ya buluu nje ndani. Mpira wa kiunoni umetolewa, pametiwa utepe laini wa kufunga, usibane kidonda. Umeshonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu, mishono imepinda kama njia ya mlevi. Wifi ni fundi cherehani kama mimi. Hata akisinzia hashoni hivi.

Baba watoto, hebu lete vidole. Miaka kumi na minane hata kifungo kikikatika unaniletea mimi. Juzi nimekuona na plasta mbili, ukasema umejikata na kopo. Kopo gani hilo lenye tundu la uzi?

Wifi, nilichokifuta usikisome. Usiende popote.

Mnanijua, kazi mbovu huwa naifumua papo hapo, hata iwe ya nani. Hii nimeivaa ilivyo.

Mama