Nilipoitikia "Giza"

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wote hapo nyumbani mnaamka salama. Goti la mama vipi? Bado anashuka ngazi kinyumenyume kama anayemkwepa mwenye nyumba? Na dada yetu, ameshajifungua au bado anawagombeza watu akiwa amelala? Mimi nipo, napumua. Habari za afya nitazifikia huko chini.

Usishangae herufi zangu kuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea. Unajua shule niliiachia njiani, lakini hiyo si sababu. Na usiulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenichekesha, nami ningecheka, tungeagana bila kusema lolote. Nakuomba jambo moja tu: isome yote kabla hujafunga begi.

Nimesikia wakala amekupitisha na pasipoti imetoka. Mama alinitumia sauti yake akicheka na kulia kwa pamoja, mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kama ni msiba au harusi. Jina lako nililitaja mimi. Msimamizi aliniuliza kama nina ndugu mwenye mikono mitulivu na macho mazuri, nikamwambia ninaye, tena macho yake yanaona sisimizi juu ya paa la jirani. Nilisema kwa majigambo kabisa.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana siku zote nawaambia tunaunganisha waya. Si waya. Ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, na ndani yake hupita mwanga wa leza. Tunaunganisha uzi na kisanduku kinachotoa mwanga, au uzi na uzi mwenzake. Tabu yote iko pale vinapokutana. Ukiisugua ncha ya uzi ikawa bapa, mwanga kidogo hugonga pale na kurudi ulikotoka, kama mpira uliopigwa ukutani. Mwanga huo ukiingia tena ndani ya leza, leza inachanganyikiwa. Inatetemeka, haishiki njia yake, mwisho inakufa. Kwa hiyo ncha tunaisugua kwa mshazari wa digrii nane, ili mwanga unaogonga utupwe pembeni na usipate njia ya kurudi. Pengine tunatia tone la jeli katikati, mwanga uvuke bila kujua kwamba kulikuwa na mpaka.

Msimamizi tunamwita Mteremko, kwa sababu kutwa anapita nyuma yetu akisema angalia mteremko wako, angalia mteremko wako. Kazi yake yenyewe haina mteremko wowote. Kila mgeni humpokea kwa kauli moja: mwanga ukirudi, na wewe unarudi kwenu. Watu hucheka. Mimi pia nilicheka.

Karakana ni chumba kirefu cheupe kisicho na dirisha. Sisi wa kusugua tunakaa upande mmoja kwenye viti virefu, na katikati kuna pazia zito jeusi. Nyuma ya pazia anakaa mtu wa leza, ambaye huingiza mwanga kwenye upande wa pili wa uzi wako na kupima ni kiasi gani kinarudi. Ukishasugua, lazima uitazame ncha kwa hadubini, kama ina mkwaruzo au vumbi. Na mwanga ule, mdogo wangu, hauonekani. Unaweza kuutazama moja kwa moja ukadhani hakuna kitu. Ndiyo maana tuna utaratibu wetu. Kabla hujainamisha jicho unaita, "Giza?" Mtu wa nyuma ya pazia anazima leza, kisha anaitikia, "Giza." Hapo ndipo unainama.

Kutwa nzima ni giza, giza, kama vyura bwawani. Tuliufanyia utani. Kuna mama wa kiti cha jirani aliyekuwa akinigawia mkate wake kila mchana. Yeye akishaitikiwa alisema, "Asante mume wangu," na chumba kizima kikaangua kicheko. Aliyekuwa nyuma ya pazia hakucheka hata siku moja. Tulimwita Bubu, kwa kuwa neno lake lilikuwa hilo moja tu, na tukasema ana maringo.

Halafu likaja doa. Mwanzoni nilidhani lenzi ni chafu, nikaifuta. Nikaifuta tena. Kumbe doa lilikuwa linanifuata mimi. Lilinifuata bafuni, likanifuata barabarani, likakaa juu ya namba ya basi. Nikifumba jicho la kushoto na kuitazama picha ya mama iliyo ukutani kwangu, naona kitambaa cha kichwa na mabega. Uso haupo. Sikumwambia mtu. Nilihamia jicho la kushoto, nikaendelea kuita, kuitikiwa na kuinama. Siku hizo hizo mama wa mkate alianza kumimina chai nje ya kikombe. Tulimcheka, naye akajicheka.

Kisha Bubu akaacha kazi ghafla. Alituaga kwa mkono, mmoja mmoja. Aliponifikia hakuuachia mkono wangu upesi, akasema nimsamehe kwa yote. Nikamwambia hajanikosea kitu. Alikuwa anatazama sakafu.

Mteremko akaniita akasema amenipandisha, nitakaa nyuma ya pazia, na kiti changu atakikalia ndugu yangu akifika. Akanipiga bega. Alisema mtakuwa mnaitana humu ndani kama mko kwenu. Nilifurahi, sikufichi.

Sasa hapa kaa chini. Nyuma ya pazia nilikuta swichi ya leza imebandikwa utepe wa gundi, imeshikiliwa kwenye kuwaka. Utepe wenyewe ulikuwa umekauka, vumbi limegandia kingo zake. Ulikuwepo kabla yangu. Nilimuuliza Mteremko leza inazimwaje. Akasema haizimwi, kwa sababu ikizimwa inachelewa kutulia, vipimo vinayumba na kazi inalala. Nikamuuliza, na wakiita? Akasema itikia tu, wanataka kusikia sauti. Ni kama salamu, alisema. Mtu akikuuliza hujambo, humsomei magonjwa yako yote.

Nilikuwa bado nimeduwaa pale mama wa mkate alipoita. "Giza?" Mteremko alinitazama. Nikaitikia. Nilisikia kiti chake kikilia alipoinama, na sauti yake ikisema, "Asante mume wangu." Aliita tena na tena siku ile, na wenzake pia, na wote niliwaitikia. Sitaki usikie kwa mtu mwingine. Nilijua, na niliitikia.

Kesho yake niliubandua utepe. Kila walipoita nilizima kweli. Vipimo vikayumba, kazi ikalundikana, Mteremko akaja. Hakugomba. Alibandika utepe mpya kwa mkono wake, akaulainisha kwa kidole gumba, akasema ndugu yako ana tiketi tayari, usimharibie. Nilifungua pazia nikawaambia wote, yeye akiwa amesimama pale pale. Mama wa mkate akanigeukia, macho yake yakatua kando kidogo ya uso wangu, akauliza ni tangu lini. Yeye aliinuka, na wengine wawili watatu. Waliobaki walivuta hadubini zao karibu na kuendelea kusugua. Nami niliambiwa nivue koti la kazi.

Kwa hiyo usije. Tiketi mrudishie wakala. Akikwambia kiti kinakusubiri, hajakudanganya, ni kile changu, na Mteremko hatakosa sauti nyingine ya kuweka nyuma ya pazia. Jicho la kushoto nalo limeanza. Naandika mchana huu nikiwa mlangoni, karatasi naishika pembeni, nje ya doa, ili niipate.

Mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikirudi, nimeshika mkono wake. Msalimie sana, msalimie dada na yule atakayekuwa amefika, na fundi baiskeli mwambie utani wake bado ninaukumbuka.

Nikishuka kituoni, usisimame kimya ukingoja nikutambue. Niite. Nitakuitikia, na safari hii itakuwa kweli.

Ni mimi,
Kaka yako