Mwanafunzi wa Barazani

Nuku'alofa, 14 Juni

Shangazi Lupe mpendwa,

Magimbi yako yamefika, tumeyala yote.

Uzeeni huku, kaka Semisi naye anasoma nami utamaduni na jinsia chuoni, na darasa ni moja tu. Mambo ya mwili yanapozungumzwa, kwa mila zetu za kisiwani kaka na dada hatukai chumba kimoja, basi yeye husikilizia barazani. Mwalimu, mgeni wa Sydney, alitaka kumfukuza kwa utoro.

"Mzee, unaogopa nini humu?"

"Siogopi, mwalimu. Dada yangu yumo."

Juzi mtihani uliuliza: heshima ni nini? Mimi, mwandishi wa magazeti miaka thelathini, nilijaza kurasa nne. Semisi aliandika mstari mmoja: "Ni kukaa barazani tangu Februari."

Hafukuzwi tena. Na kwa alama kanishinda.

Mpwa wako,
Fusi