Trekta Lililochagua Dizeli

Tarasaa,
20 Februari 2025

Kwa shemeji yangu Adnan,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na Tasnim na watoto, na kwamba goti la Tasnim limeacha kumsumbua kwenye ngazi za hiyo nyumba yenu ya Mombasa. Sisi huku hatujambo. Mto uko mahali pake na mbu wako mahali petu. Mama yako anakula vizuri, na akishakula husema hajala, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu wewe husema nami huitikia, kisha salio huisha kabla zamu yangu haijafika. Kwenye karatasi nitasema mpaka mwisho. Dereva wa basi ameniahidi atakufikishia leo leo. Mpe chai.

Nianze na trekta la marehemu Awadh wangu, maana najua Abdiwahab amekwisha kukupa habari zake, na hakuzijua zote.

Alikuja Jumatatu kutoka Garsen kulinunua, kama mlivyoagana, na fimbo yake na miwani ya jua. Wajua yeye ni mtu wa duka na mifugo. Alilizunguka trekta kimya kama anayekagua dume, akalipiga teke gurudumu, kisha akaniomba radhi kwa hilo teke. Akasema ng'ombe angemfungua mdomo atazame meno, lakini huyu wetu ameng'oka yote, basi alisikie sauti tu aondoke nalo. Fundi Kombe, rafiki wa marehemu, ndiye aliyekuja kuliwasha. Likanguruma vizuri, Abdiwahab akaanza kutabasamu, mara likakohoa likazima. Kombe akajaribu tena. Likakohoa tu.

Kombe akaingia chini yake, akakaa huko kitambo. Alipotoka alijifuta mikono polepole, akanitazama, kisha akamgeukia Abdiwahab akasema tatizo ni dizeli. Ndani mlikuwa na ya kituo cha mafuta, niliyoagiza Garsen. Kombe akaeleza kwamba dizeli ya pampu siku hizi imetolewa salfa, imekuwa safi mno, na mtambo wa zamani ukiinywa huona koo limekauka, kama mzee aliyezoea chai kali ukamletea maji ya moto. Abdiwahab akauliza, sasa huyu mzee wenu anywe nini?

Hapo ndipo uwanja wetu ulipojaa. Buya, yule anayeuza dizeli kwa mitungi kando ya barabara, aliapa kwamba yake ndiyo dizeli ya kale, nzito, na trekta likiionja litaruka hadi Ngao bila dereva. Watu wakamwambia aruke yeye kwanza, tena asitaje mafuta ya taa anayoichanganyia. Kombe akalinyonya tangi kwa mpira mpaka likabaki tupu, mtungi wa Buya ukawekwa juu ya boneti, na Buya akaambiwa avute ya kwake mwenyewe. Akavuta kwa majigambo. Ikamfika kooni, akaitema, akakimbilia ndoo yangu ya vyombo na uso umemkunjamana kama dagaa. Abdiwahab akamwuliza, ikiwa mwenye mali haimezi, mgeni ataimezaje? Na kweli mgeni hakuimeza. Likakohoa likanyamaza.

Basi Dinah, anayekaanga viazi karai hapa steji, akasema wanaume wanahangaika bure, yeye amesikia redioni kwamba Ulaya kuna magari yanayotembea kwa mafuta ya kupikia. Akarudi na sufuria ya mafuta aliyokaangia wiki nzima, meusi kama kahawa, na vipande vya viazi vinaelea. Nilidhani Kombe atamfukuza. Kombe akaomba kitambaa cha kuchujia. Tangi likanyonywa tena, yakatiwa ya Dinah, na paka wa jirani akapanda boneti akawa analamba mdomo wa tangi kwa bidii. Mama akaita kutoka ndani, anauliza ni nani anayekaanga na mbona yeye hajapewa. Trekta safari hii hata kukohoa halikukohoa vizuri.

Abdiwahab alicheka mpaka akavua miwani. Akasema aliwahi kuwa na ngamia aliyechagua majani, akamuuza kwa hasara, na hatakufa amenunua trekta linalochagua dizeli. Akanishukuru kwa chai akaenda zake. Jioni ukanipigia, shemeji, ukasema ikiwa limekufa basi tuliuze kwa kilo, na kwamba lori la watu wa chuma chakavu litakuja Jumamosi. Nami nikaitikia, naam.

Tangu hapo sina raha. Wajua nilivyokuwa nikimkaripia Awadh kwa harufu ya dizeli kwenye mto wa kulalia. Alikuwa akioga kwa sabuni mbili, akija kulala ananiambia ninuse, hainuki tena, na inanuka vile vile. Siku hizi mto ni safi, shemeji. Ni safi mno.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu. Dizeli zile zote hazikuwa na kosa, wala trekta halikuonja ya Buya wala ya Dinah. Asubuhi ile, kabla Abdiwahab hajafika, nilijifanya nafagia chini ya trekta, nikaifunga koki ya tangi, dizeli isishuke. Ule mngurumo wa kwanza ulikuwa wa mabaki tu yaliyokuwa kwenye mpira wa kwenda injini. Kombe aliikuta imefungwa. Usimlaumu, chungu nilikiinjika mimi, yeye alitia chumvi tu.

Nilitaka Abdiwahab aondoke, basi. Sikujua kwamba ninalikwepesha kwa mfugaji ili nilifikishe kwenye mizani ya chuma.

Utaniuliza kwa nini sikusema mapema. Siku ile ya kikao cha kuamua trekta liuzwe nilikuwa bado ndani ya eda, nyuma ya pazia, nawe kwa wema wako ukauliza kama nina neno. Sikujibu, mkasema kimya ni ridhaa. Cha mwari huenda kikawa ridhaa, shemeji. Mimi nilikuwa nimejaza upindo wa kanga mdomoni ili Mama asisikie nalia.

Juzi mimi na Kombe tuliliosha tangi mpaka mikono ikanuka bajia. Jana tukatia dizeli ya pampu, na Kombe akaongeza oili kidogo, maana anasema lile la koo kukauka halikuwa uongo mtupu. Nikaifungua koki, tukatoa hewa, likawaka. Aliyekaa kwenye usukani ni mimi. Awadh alinifundisha zamani kule nyuma ya mashamba, akipiga kelele kana kwamba mimi ni kiziwi, na tulikuficheni kwa kuogopa mtacheka. Nimelima shamba la Dinah, fidia ya mafuta yake. Matuta yamepinda, waliosimama kando wamecheka sana, lakini mbegu haina habari ya mstari. Kina mama wengine wa mpunga wamekwisha kuja kuniomba, mvua haijaanza, na hawana wa kuwalimia.

Trekta ni la Awadh nawe, mlilinunua pamoja, na Mama ana haki yake. Silitaki kwa hila, ndiyo maana nimekuambia habari ya koki. Lori likija Jumamosi litalikuta linanguruma. Ukisema liuzwe, nitautoa ufunguo kwa mkono wangu. Lakini lijue li hai, na ujue kutoka kwangu mwenyewe kwamba sipendi liuzwe.

Msalimie Tasnim na watoto. Mama anawasalimu, na anasema mkija mje na halua. Mungu atufikishe Ramadhani salama. Utakapokaa kuamua, unikumbuke.

Shemeji yako,
Mishi