Mapendo Hayaitwi kwa Filimbi

Mama yangu,

Wamerudi wale wa kampuni, na filimbi yao wamerudi nayo. Nimeona nikuandikie leo Ijumaa kabla kesho haijafika, maana kesho wanataka nisimame mahali pale pale uliposimama wewe, nao wanisikie nikisema asante. Najua hukuwahi kufundishwa kusoma. Hilo halinisumbui. Nikimaliza nitapanda hadi nyuma ya migomba ulikolala, nikusomee kwa sauti, na anayepita njia ya Vuhovi na asikie. Sina siri na mtu.

Unakumbuka meza ndefu za kampuni ya kahawa kule Butembo? Mlikaa pande zote mbili, wanawake kwa wanawake, mkichambua buni na kutupa punje mbovu, huku vidole vyenu vikienda haraka kuliko maneno, na maneno yenyewe hayakuwa ya polepole. Mimi nilikuwa msichana wa kukufuata kila mahali, nikikaa juu ya magunia. Siku moja kapita, msimamizi wenu, akaja kati ya meza, akapuliza filimbi na kutangaza kwamba kampuni imewahurumia watu wa Vuhovi, itawajengea nyumba ya kuzalia, na kwamba wafanyakazi wote watatoa mkono wao kila Jumamosi mchana. Kwa hiari. Akaiita kazi ya mapendo.

“Na mwenye hapana kuya?” ukamuuliza.

“Mama Masika, hii ni mapendo. Hapana lazima,” akasema. Kisha akaangalia meza. “Mais mwenye hapana kuya, Lundi, kazi ikianza, atakuta mwingine amekaa ku nafasi yake.”

Ukacheka mpaka ukashika mbavu. “Mapendo gani hii, ya kuita batu na filimbi?”

Meza nzima ikacheka. Kapita naye nusura acheke, nilimwona. Lakini Jumamosi filimbi ililia na mlikwenda, kwa sababu tulikuwa tunakula.

Mawe yalitoka mtoni, chini kabisa, na njia ya kupanda unaijua ilivyo mvua ikinyesha. Mliyabeba mgongoni kwenye vitunga, mkanda umekaza kwenye paji la uso, shingo imenyooka, mikono imeshika mkanda pembeni ya masikio. Wanawake wetu wamebeba hivyo tangu zamani, kuni, mihogo, hata watoto wa wenzao, na kila mmoja ana kibonde chake kidogo cha mkanda kwenye paji la uso. Lakini chako kilizidi mwaka ule. Ulipofua nguo na kufungua kitambaa cha kichwa, nilikuwa nakiona. Nilikuwa napitisha kidole changu pale, nawe unanifukuza: “Toka pale, unanichekesha.”

Siwezi kusema kampuni haikutoa kitu. Saruji ilikuwa yao, na mabati, na milango iliyotoka Beni kwa lori. Wewe mwenyewe ulinikanya nisidanganye hata juu ya mtu nisiyempenda. Walitoa walichotoa. Ila siku ya kufungua nyumba, juu ya mlango kulikuwa na kibao kilichopakwa rangi nzuri: ZAWADI YA KAMPUNI. Bwana Direkta akasema kwa Kifaransa, karani akageuza kwa Kiswahili, na mwisho akaongeza la kwake: “Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.” Wazungu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Ukanong'ona, “Moyo yao, mugongo yetu.”

Kisha wakakuita wewe. Walikuchagua kwa sababu una sauti. Karani alikuwa amekufundisha maneno tangu asubuhi: “Asante sana Bwana Direkta kwa mapendo yako makubwa.” Ulipanda pale mbele ukiwa na kitenge chako cha Krismasi. Kitambaa hukufunga, kichwa kiko wazi na kibonde chako kinaonekana na kila mtu. Ukawatazama wale wa kwenye viti. Kisha, Mama, ukawageuzia mgongo. Ukageuka mzima mzima kuelekea chini, walikosimama wanawake wa mawe na matope yao miguuni, ukasema kwa Kinande, “Mwasingya.” Asanteni. Mara moja tu, ukashuka.

Halafu vigelegele vikaanza nyuma kabisa, vikaja mbele kama mvua inayoshuka mlimani. Bwana Direkta alitabasamu na kupunga mkono, akidhani ni vyake.

Lakini karani alijua, na kapita alijua. Lundi ulikuta mwingine amekaa kwenye nafasi yako. Ulirudi nyumbani na kitunga kitupu, ukakitua, ukasema, “Bon. Tutalima.” Tukalima. Tukauza sombe, yale majani ya mihogo, na maharagwe sokoni Butembo, na siku nyingine hatukuuza kitu. Nilikusikia ukihema jikoni, lakini sikukusikia ukijuta.

Halafu ukaja uhuru, dipanda, kama vijana walivyoimba barabarani. Wazungu wa kampuni wakapakia mizigo yao na kuondoka. Mashine zikanyamaza, na filimbi ya kapita ikabaki imetundikwa kwenye msumari mlangoni pa bohari. Watu wakasema sasa ile nyumba ya kuzalia itakufa, maana nani atafagia, nani atachota maji? Jumamosi ya kwanza uliamka, ukachukua kitunga na ufagio. Nikakuuliza nani amekuita.

“Hakuna mutu,” ukasema. “Njo maana ninaenda.”

Tulipofika pale mlimani, wanawake wengine walikuwa wameshaanza kuchota. Hakuna aliyekuwa amewaita.

Mama, miaka ile ya uasi sipendi kuikumbuka, lakini siku moja lazima niitaje. Tulikuwa tumekimbilia milimani, tukirudi kwa zamu kuangalia mashamba. Siku hiyo tukawakuta waasi wameizunguka nyumba. Mmoja wao, mkubwa wao, alikuwa ameona kile kibao. “Hii nyumba ni ya bakoloni! Choma!” Kijana alikuwa tayari na moto mkononi. Ndani alikuwemo mama wa watu ambaye uchungu ulikuwa umemkamata njiani.

Nilikushika kitenge usiende. Ukautoa mkono wangu polepole, kidole kimoja kimoja, ukaenda. Wanawake wengine wakakufuata, nami nikafuata kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu.

“Choma, mutoto yangu,” ukamwambia yule mkubwa. “Mais kwanza angalia hapa.” Ukavua kitambaa, ukainama mbele yake ili aone vizuri. “Hii alama ni ya mawe ya hii nyumba. Angalia na ya ule. Na ya ule kule. Sasa unionyeshe mukoloni mwenye iko na alama kama hii, na miye nitakusaidia kuchoma.”

Yule mkubwa alitazama mapaji ya wanawake, moja baada ya jingine. Nadhani alikuwa na mama mwenye kibonde mahali fulani. Ndani mtoto akalia, ule mlio wa kwanza. “Mama, songea,” akasema, na wewe ukakataa kusongea. Mwisho waling'oa kibao tu, wakakipasua kwa shoka na kukipikia ugali pale uani. Mliwapa maharagwe ya kulia. Baadaye ulikuwa ukisema ile ndiyo siku pekee zawadi ya kampuni ilipotushibisha.

Askari wa serikali walipokuja kuwafukuza, mabati yalitobolewa na risasi. Hapo ndipo nilipomjua Mzee Ramazani, mwenye lori, Mwislamu wa Butembo aliyekuwa akipeleka chumvi hadi Luofu. Alipita, akaona wanaojifungua wanalowa, akaendelea na safari. Juma lililofuata lori likasimama, na yeye na matanboi wake, vijana wa kupakia lori, na fundi wao wakashusha mabati, wakapanda juu wenyewe na kupigilia misumari hadi jua likazama. Ukataka kuita watu waje wamshukuru. Akaruka kama umemmwagia maji ya moto.

“Mama, hapana! Ukinishukuru mbele ya batu, utakula sawabu yangu yote kwa Mungu. Unipe tu chai.”

Ukampa chai, na ndizi, na ulimpenda mzee yule mpaka mwisho wako. Ulisema, huyo ni tajiri anayejua kutoa. Sijasahau, na ndiyo maana mtu akiniambia eti nawachukia matajiri, namwambia aende akamuulize Ramazani.

Sasa nikueleze ya juzijuzi. Kampuni imefunguliwa tena. Direkta ni Mkongomani mwenzetu, kijana mwenye suti, aliyetumwa kutoka mkoa mwingine. Alikuja na gari, akanikuta namwosha mtoto wa Kavira, aliyekuwa amejifungua kwetu. Masista walinifundisha ukunga, hilo unalijua, lakini hujui kwamba sasa mimi ndiye mwenye ufunguo. Akazunguka vyumba, akapiga kuta kwa kiganja, akaniambia kampuni imeamua kutupatia tena nyumba hii. Kutupatia tena! Wafanyakazi wataitwa Jumamosi kupaka chokaa kwa hiari yao. Kibao kipya kimeshaandikwa. Wakubwa watatoka Beni na mpiga picha, na mimi nitatoa shukrani kwa niaba ya wanawake.

“Na kama hapana?” nikamuuliza, kwa sauti yako kabisa. Niliisikia ikitoka.

Hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba msimu wa kahawa unakaribia, na kampuni inahitaji bohari karibu na wakulima. Kama watu hawaoni thamani ya zawadi, basi zawadi itarudi kwa mwenyewe.

Kisha akaona juu ya mlango, pale penye misumari ya kibao cha zamani, mkanda wako wa kubebea. Niliutundika pale siku tuliyokuzika. Akauliza uchafu ule ni wa nini.

Hasira ilinipanda, Mama, hata ikabidi nimlaze mtoto. Na niliogopa pia, sitakudanganya. Wanawake wa hapa watazaa wapi mvua ikianza? Kwenye mashamba, kama ulivyonizaa mimi? Nilitaka kumtukana. Lakini nilikukumbuka pale mbele na kitenge chako cha Krismasi, na nikahisi kicheko kinanipanda badala ya tusi.

“Nitasema asante, Bwana Direkta,” nikamwambia. “Nitasema sawa vile mama yangu alisema.”

Alifurahi sana. Alinishika mkono. Nyuma yake Kavira alijifunika shuka usoni, na kitanda chote kilikuwa kinatikisika kwa kicheko.

Basi sikiliza tulivyopanga. Kibao chao hakitapata msumari, maana misumari ile ina mwenyewe. Ufunguo nimeufunga kiunoni, ndani ya kitenge, na atakayeutaka aje auombe mbele ya mama zake. Direkta akileta magunia ya kahawa, aanze na kitanda cha Kavira kilicho karibu na dirisha, amwambie yeye na mtoto wake wahame. Vitanda vingine vyote vitakuwa na watu pia, hata bibi waliokoma kuzaa zamani wameomba nafasi ya kulala na kuugua kwa nguvu. Wafanyakazi wa kampuni watakaoletwa ni watoto wetu na dada zetu. Tutawakaribisha, tutawapa chai, na wenye moyo wa kupaka chokaa watapaka. Mzee Ramazani ametuma neno kwamba lori lake litaharibika asubuhi, kwa bahati mbaya, katikati kabisa ya njia ya kuingilia.

Na uani, Mama, kuna rundo la mawe. Tunataka chumba cha pili. Tangu Jumanne wanawake wanashuka mtoni na vitunga, na leo nami nimepanda mara kadhaa. Paji la uso linaniuma ninavyoandika. Nimejitazama kwenye maji ya beseni na nimeona kibonde kimeanza.

Lala salama, Mama. Usiniombee upole kesho.

Filimbi yao italia asubuhi. Itatukuta tumeshafika.

Ni mimi, binti yako uliyemzaa shambani,
Masika