Chai Isiyokorogwa

Fenna mjukuu wangu,

Mimi mzima, ng'ombe wazima. Mvua imeozesha nyasi za jirani yetu Hinderk, kwa kuwa nilimwambia aziingize ghalani mapema, naye hasikii la mtu.

Pasaka ulikoroga chai mezani kwangu. Chai yetu haikorogwi! Malai huachwa ipande yenyewe kama wingu. Nilipokufokea ukanijibu, "Bibi, bakteria wangu kule maabara hukoroga maji wenyewe. Wakijazana wakaogelea, maji yanavurugika na kuzunguka bila mkono wa mtu." Nikakuita mwongo mbele ya wageni. Tangu hapo hujaja.

Sasa sikia, na mama yako usimwambie. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Nikiinua kikombe, malai inazunguka yote kabla haijafika mdomoni, na kijiko sijakigusa. Hinderk kaona, kaniambia, "Okka, siku hizi nawe unakoroga?" Nikamwambia anywe anyamaze.

Basi, kuhusu vidudu vyako nimekuamini. Njoo Jumapili unimiminie malai, mimi siwezi tena. Kijiko nitakuwekea, ukoroge utakavyo.

Ni mimi bibi yako, nisiyezoea kuomba,
Okka